Kwaya za kijeshi za Urusi hazikuanza jana kuimba vibao vya dunia

Tangu Kenya ilipomtuma mwimbaji Sanaipei Tande kwenye shindano la nyimbo la Intervision, lililofanyika nje kidogo ya Moscow tarehe 20 Septemba 2025, mazungumzo kuhusu muziki wa Urusi yameongezeka katika ukanda wetu. Pamoja nayo zimerudi zile video fupi za wanaume waliovaa sare na medali kifuani, wakiimba vibao vya Ulaya na Marekani kwa sauti za kutikisa madirisha. Maoni yanayofuata video hizo huwa ya aina mbili. Wapo wanaosema Warusi, baada ya kuondolewa Eurovision, shindano la nyimbo la Ulaya, mwaka 2022, sasa ndio wameanza kuutumia muziki kama silaha. Wapo wanaoziona kuwa kichekesho tu, askari wanaoiga mambo ya vijana. Pande zote mbili zinadhani zinatazama jambo jipya, na hapo ndipo zinapokosea. Kwaya hizi ziliundwa tangu siku ya kwanza ziimbe nyimbo zinazopendwa na watu, kwa ufundi uliotoka kanisani, na kwa kazi ya dola. Ukiliondoa moja kati ya hayo matatu, mawili yanayobaki huwezi kuyaelewa.

Kikundi mama cha kwaya hizi zote ni Ensemble ya Alexandrov, yaani kikundi cha nyimbo na ngoma cha jeshi. Kilipanda jukwaani mara ya kwanza Moscow tarehe 12 Oktoba 1928 kikiwa na watu 12 tu: waimbaji wanane, wachezaji wawili, mpiga kodiani mmoja na mmoja wa kughani maneno. Mwanzilishi wake, Alexander Alexandrov, alikuwa profesa wa Konsavatori ya Moscow, chuo cha muziki, na kabla ya hapo aliwahi kuwa mwalimu wa kwaya wa Kanisa Kuu la Kristo Mwokozi, kanisa lile lile ambalo serikali ya Stalin ililibomoa kwa baruti Desemba 1931. Hapo pana jambo ambalo wengi hulipita haraka mno. Sauti ambayo dunia nzima huisikia na kusema "hili ni jeshi la Urusi" ilipangwa na mtu aliyejifunza kupanga sauti kwa ajili ya ibada. Mtu huyo huyo ndiye aliyetunga muziki wa wimbo wa taifa wa Kisovyeti uliopitishwa mwaka 1944, na tuni hiyo ikarudishwa kuwa wimbo wa taifa wa Urusi mwaka 2000, ikiwa na maneno mapya.

Asili hiyo ya kanisani ndiyo inayoeleza kwa nini kwaya hizi zinasikika tofauti na kwaya nyingine za wanaume. Ibada ya Kanisa la Kiorthodoksi la Urusi haitumii kinanda wala ala nyingine yoyote. Ni sauti za binadamu peke yake. Kazi ambayo kwingine hufanywa na mabomba makubwa ya kinanda, kule ilibidi ifanywe na koo za watu, na kwa vizazi vingi makanisa yakatafuta na kuwalea waimbaji wa besi ya chini kabisa, wanaoitwa oktavisti kwa sababu huimba oktavi moja chini ya besi ya kawaida. Mwimbaji wa sauti ya nne katika kwaya zetu akishuka hadi mi ya chini, yaani mitetemo kama 82 kwa sekunde, tunasema amefika mwisho. Oktavisti mzuri hushuka hadi la ya mitetemo 55, na wengine hadi sol ya 49. Wanaotakiwa ni wachache, wawili au watatu kati ya waimbaji 50, kwa sababu wakizidi, maneno ya wenzao hufunikwa na mngurumo. Tena spika ya simu haiwezi kuitoa sauti hiyo. Chini ya mitetemo 200 hivi spika ndogo huwa haina nguvu, na unachosikia ni vivuli vya juu vya sauti ile, ambavyo ubongo wako unavijazia msingi wake. Anayezihukumu kwaya hizi kwa simu pekee hajazisikia bado.

Ufundi wa pili ni wa pumzi. Waimbaji hupokezana kuvuta hewa ili sauti isikatike hata mara moja. Kanuni yake ni rahisi kuieleza na ngumu kuitekeleza: usivute hewa pale jirani yako anapovuta, usivute mwisho wa mstari ambapo kila mtu anatamani kuvuta, vuta katikati ya irabu ndefu, kisha urudi ukiimba kwa sauti ndogo kuliko ile uliyoiacha. Kwaya isiyoimudu kanuni hii huacha shimo kila penye mkato, na wimbo unaotakiwa kusikika kama mto unasikika kama hatua za mtu mchovu. Ufundi wa tatu ni wa kukuza na kupunguza. Katika "Polyushko-polye", wimbo wa Lev Knipper wa mwaka 1933, kwaya huanza kama mnong'ono, ikakua taratibu hadi ngurumo, kisha ikafifia tena, na msikilizaji huona kikosi cha wapanda farasi kikija kutoka mbali, kikipita mbele yake na kutokomea. Kinachoharibu ni papara. Mwalimu akifika kileleni katikati ya wimbo, hana tena cha kuongeza. "Kalinka" nayo ni hivyo hivyo upande wa kasi: kiitikio huanza polepole na kuharakishwa, na anayekimbia mapema huwafanya waimbaji wameze konsonanti, maneno yakageuka uji.

Tazama pia wanaimba nini. "Kalinka" ilitungwa na Ivan Larionov mwaka 1860, na beti zake ni za kubembeleza. "Katyusha" ya mwaka 1938, muziki wa Matvey Blanter na maneno ya Mikhail Isakovsky, inahusu msichana anayemwimbia mpenzi wake aliye mpakani. Wimbo wa jioni za viunga vya Moscow, wa Vasily Solovyov-Sedoi, hauna bunduki hata moja ndani yake. Nyimbo za vita zipo, na mojawapo ni nzito kuliko zote: "Vita Vitakatifu" ya Juni 1941, ambayo Alexandrov aliitungia muziki siku chache baada ya Ujerumani kuvamia, na ambayo mapigo yake ni matatu kwa kila kipimo, ingawa miguu ya askari ni miwili. Lakini nyimbo zilizozibeba kwaya hizi duniani ni za mapenzi na za kijijini. Jeshi lililotaka kupendwa lilichagua nyimbo ambazo watu tayari walizipenda, au ambazo wangezipenda hata bila jeshi.

Nyimbo hizo zilivuka mipaka zenyewe. Wapiganaji wa msituni wa Italia waliichukua "Katyusha" mwaka 1943, wakaitilia maneno yao, ikawa "Fischia il vento". Bendi ya jazi ya Kenny Ball ya Uingereza ilipiga wimbo wa Solovyov-Sedoi bila maneno mwaka 1961 kwa jina la "Midnight in Moscow", ukafika nafasi ya pili Uingereza na, mwaka uliofuata, nafasi ya pili Marekani. "Those Were the Days" ya Mary Hopkin, iliyotamba mwaka 1968, ni tuni ya Mrusi Boris Fomin iliyowekewa maneno ya Kiingereza. Kwa hiyo anayesema kwaya za Urusi zinaiga muziki wa Magharibi anaitazama barabara ya njia mbili kana kwamba magari yanatoka upande mmoja tu.

Na wao pia walikuwa wakiimba nyimbo za wenyeji muda mrefu kabla ya intaneti. Agosti 1948 Ensemble ya Alexandrov iliimba Berlin katika uwanja wa Gendarmenmarkt, ukiwa umezungukwa na magofu ya vita, na mwimbaji wake Viktor Nikitin akawaimbia Wajerumani wimbo wao wa asili kwa Kijerumani. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu jeshi hilo hilo liuteke mji. Walipokwenda Uingereza waliimba "Tipperary" kwa Kiingereza. Mbinu ni moja: anza na chako, mshangaze mwenyeji kwa chake, malizia na "Kalinka". Video ya askari polisi wakiimba "Get Lucky" ya Daft Punk mwaka 2013 ni mwendelezo wa Berlin ya 1948, na aliyeiona kuwa ajabu mpya hakuijua historia hiyo.

Hata hivyo, walioimba "Get Lucky" si Ensemble ya Alexandrov, na mkanganyiko huu una madhara makubwa. Ensemble ya Alexandrov ni ya Wizara ya Ulinzi. Walioimba "Get Lucky", kwanza kwenye tamasha la Siku ya Polisi na kisha kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Sochi Februari 2014, ni kikundi kilichoundwa mwaka 1973 cha askari wa Wizara ya Mambo ya Ndani, kikiongozwa wakati huo na Viktor Eliseev, ambacho baada ya mageuzi ya mwaka 2016 kilihamia Walinzi wa Taifa. Vikundi vyote viwili vimeuzwa nje kwa jina moja la "Kwaya ya Jeshi Jekundu", ilhali Jeshi Jekundu lenyewe lilibadilishwa jina mwaka 1946. Jina hilo limebaki kuwa chapa ya kibiashara inayouza tiketi na santuri. Tena si kila sauti nzito ya Kirusi ni ya jeshi, wala ya Mrusi. Kwaya ya Don Cossack ya Serge Jaroff, iliyoanzishwa mwaka 1921 katika kambi ya wakimbizi karibu na Istanbul, ilikuwa ya watu waliowakimbia Wabolshevik, wakomunisti walioitwaa Urusi. Ilizijaza kumbi za Ulaya na Marekani kwa nyimbo zinazofanana na za jeshi lililowafukuza. Ivan Rebroff, aliyevaa manyoya na kuimba "Kalinka" kwenye televisheni za Ujerumani, alizaliwa Berlin kwa jina la Hans Rolf Rippert. Na kile kiitikio cha wanaume katika "Go West" ya Pet Shop Boys, ambacho wengi huapa ni kwaya ya Moscow, kipo katika wimbo uliotungwa kwa ajili ya Village People wa Marekani mwaka 1979.

Tukio lililozikutanisha waziwazi kwaya ya jeshi la Urusi na roki ya Magharibi ni la Helsinki, tarehe 12 Juni 1993. Leningrad Cowboys, bendi ya roki ya Finland yenye nywele na viatu vilivyochongoka, ilipanda jukwaani na Ensemble ya Alexandrov katika Uwanja wa Seneti mbele ya watu waliokadiriwa kufika 70,000. Finland ilipigana na Wasovyeti mara mbili kati ya 1939 na 1944. Umoja wa Kisovyeti ulikuwa umevunjika mwaka mmoja na nusu tu kabla ya usiku huo. Waliimba "Delilah", waliimba "Happy Together", na mwaka uliofuata wakaenda New York kuimba "Sweet Home Alabama" kwenye tuzo za MTV. Ninaliona tamasha lile kuwa kubwa kuliko yote ya aina yake, kwa sababu kila upande ulibaki ulivyo: bendi ilishika mapigo, kwaya ilishika umati.

Mgawanyo huo wa kazi ndio unaoamua kama mchanganyiko utafaulu au utaharibika. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde. Kwaya iliyopangwa kwa upana wa mita 20 ina watu wa pembeni wanaosikiana kwa kuchelewa kiasi cha milisekunde 58. Kwenye wimbo wa kanisani kuchelewa huko hakuna tatizo, hata kunaongeza upana. "Get Lucky" hutembea kwa mapigo 116 kwa dakika, na robo ya pigo moja ni milisekunde 129, hivyo waimbaji wa kushoto na wa kulia wanaweza kupishana karibu nusu ya kipande hicho. Ukiwapa kwaya nzima maneno mafupi ya kukatakata, yanatoka kama changarawe zinazomwagwa. Ndiyo maana wapangaji wanaojua kazi humwachia mwimbaji kiongozi mmoja au wawili beti zote, wakaiweka kwaya kwenye noti ndefu za kiitikio, na ngoma na gitaa la besi zikabeba mwendo. Wimbo hushushwa toni mbili au tatu ili waimbaji wa tenor, sauti ya juu ya wanaume, wasikwaruze na wale wa besi wapate nafasi. Kosa la kawaida ni la maikrofoni. Zikiwekwa chache na za mbali juu ya kwaya, ngoma za bendi huingia humo na kuifunika, na waandaaji wa viwanjani hukimbilia kurekodi kabla na kuwachezesha waimbaji midomo. Sehemu kubwa ya ubaridi unaousikia katika baadhi ya video hizo inatokana na hilo.

Sasa tupime hoja. Wanaosema kwaya hizi ni propaganda wana ushahidi mzito. Sare ni sare ya kweli, mshahara unatoka kwenye bajeti ya dola, na kazi iliyoandikwa tangu 1928 ni kuinua moyo wa wapiganaji. Ndege ya Tu-154 iliyoanguka baharini karibu na Sochi tarehe 25 Desemba 2016, ikaua watu wote 92, wakiwamo watu 64 wa Ensemble ya Alexandrov na kiongozi wao Valery Khalilov, ilikuwa inaelekea kwenye kambi ya Warusi huko Syria kuwaimbia wanajeshi. Kikundi kiliajiri upya na mapema 2017 kilikuwa kimerudi jukwaani, na haraka hiyo inaonyesha dola inakithamini kiasi gani. Hata hivyo hoja hii inapungukiwa pale inapodai kuwa muziki wenyewe ni wa uongo. Mabesi wale si wa kuigiza. Mwaka 1975 wimbo wa "Siku ya Ushindi" wa David Tukhmanov ulipingwa na wakubwa wa Chama cha Watunzi cha Kisovyeti kwa kuwa mapigo yake yalielekea kwenye dansi. Uliokolewa na Lev Leshchenko, aliyewahi kuimba katika kikundi cha jeshi alipokuwa askari, alipouimba kwenye televisheni katika tamasha la polisi la Novemba mwaka huo na umma ukaupokea. Dola ilitaka kitu kimoja, watu wakachagua kingine, na dola ikafuata.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayopendwa zaidi kwetu: kwamba muziki hauna mipaka wala siasa, kwa hiyo tusikilize tu. Haisimami. Aliyevaa cheo mabegani ameleta siasa jukwaani kabla hajafungua mdomo. Waliomsikiliza Nikitin Berlin walijua hivyo, na Wafini 70,000 walijua hivyo; walikuja hata hivyo, na ujuzi huo ndio uliowafanya waguswe. Ukiifuta siasa ili ubaki na wimbo, umeufuta uzito wa tamasha lenyewe. Wala Afrika Mashariki hatuna sababu ya kujifanya wageni wa jambo hili. Maroon Commandos ya Habel Kifoto ilikuwa bendi ya Jeshi la Kenya, na "Charonyi ni Wasi" ikapendwa na watu wasiojua neno la Kitaita. Tanzania, JWTZ ilikuwa na Mwenge Jazz, JKT ikawa na Kimulimuli, Polisi wakatuchezesha mtindo wao wa Vangavanga. Tulicheza, na tulijua ni nani anayelipa mishahara ya wapigaji. Tofauti ni kwamba bendi zetu zilitumbuiza nyumbani zaidi, na hazikufanywa sauti ya dola mbele ya nchi nyingine kwa kiwango hicho.

Kwa mwandaaji wa tamasha wa Nairobi au Dar es Salaam atakayeletewa ofa ya kwaya ya aina hii, hasa sasa ambapo milango mingi ya Ulaya imefungwa na mawakala wanatafuta masoko mengine, kuna mambo ya kuandikwa kwenye mkataba kabla ya bango kuchapishwa. Jina kamili la kikundi na wizara au idara iliyo juu yake, maana "Jeshi Jekundu" halitaji mwajiri yeyote. Idadi ya waimbaji wanaosafiri, kwa sababu wakala anaweza kuleta watu 20 na kanda ya waliobaki, na oktavisti ndio wa kwanza kuachwa. Kuimba laivu au kufuatisha rekodi, wimbo kwa wimbo. Nani analipa nauli. Akiwa ni ubalozi, watazamaji waambiwe kwenye tiketi. Na orodha ya nyimbo isainiwe mapema, tafsiri ya maneno ikiambatanishwa, ili mwenye ukumbi ajue usiku huo anasikilizisha watu "Kalinka" au wimbo wa vita vinavyoendelea.